Jinsi na Jinsia: Maneno Mawili, Mambo Matatu



Katika maneno yaliyozoeleka midomoni mwetu kwa miaka thelathini hivi iliyopita, ni machache yaliyozua mabishano kama neno "jinsia". Limo katika majina ya wizara, limo katika fomu za hospitali na za shule, limo katika semina wanazoalikwa maimamu, na sasa limepanda mimbari. Khatibu mmoja hulitaja kuwa ndio ufunguo wa kila uadilifu. Mwenziwe wa msikiti wa pili hulitaja kuwa ndio mlango wa kila uovu. Waumini huwasikia wote wawili, kisha hurudi majumbani na neno lile lile lenye maana zinazopigana.

Wanavyuoni wa usuli wana kanuni mashuhuri kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Asiyejua kitu ni nini hawezi kukihalalisha wala kukiharamisha. Kwa hiyo katika makala haya tunalikosoa neno lenyewe na namna linavyotumiwa, na tunawakosoa watu wa pande zote mbili wanaolitumia. Dai letu ni hili: wenye semina wanayo masanduku mawili, maumbile na jamii, na wengi wa wanaowapinga wanayo masanduku mawili pia, maumbile na Sharia. Fiqhi yetu tangu zamani inayo matatu: umbile, hukumu na ada. Anayepoteza moja katika hayo matatu humdhulumu mtu, hata kama nia yake ni njema.

Asili ya maneno haya

"Jinsi" ni neno tulilolichukua kwa Waarabu. Kwao jins ni aina ya kitu chochote: watu, ndege, nafaka. Ibn Mandhur, aliyefariki mwaka 711 H., ameeleza hivyo katika Lisan al-Arab, akataja pia kwamba al-Asma'i, imamu wa lugha, hakuridhika na baadhi ya maneno ambayo watu wa kawaida waliyanyambua kutokana nalo, akiona si Kiarabu safi. Wachunguzi wa lugha wa zama zetu wanaliunganisha neno hili na genos la Kiyunani, lililowafikia Waarabu kwa njia ya Kisiria. Genos hilo ni ndugu wa genus la Kilatini, na genus ndilo lililozaa, kupitia Kifaransa, neno gender la Kiingereza. Basi jins na gender ni watoto wa ukoo mmoja waliolelewa nyumba mbali mbali.

Mwanafunzi aliyesoma mantiki katika Isaghuji anajua kuwa jins ni pana kuliko naw'. Hayawani ni jins, na mwanadamu ni naw' ndani yake. Kwa istilahi hiyo mwanamume na mwanamke si jinsi mbili hata kidogo. Wote wawili wamo katika aina moja. Waarabu wa kale walipotaka kutaja tofauti ya kuzaa na kuzalisha hawakusema jins, walisema dhakar na untha. Matumizi ya jins kwa maana ya uume na uke ni ya baadaye.

Ama "jinsia", kwa Mwarabu wa leo jinsiyya ni uraia. Kijana wetu anayesoma Cairo akimwambia mwenyeji wake kwamba nyumbani kwao kuna wizara ya jinsia, mwenyeji atadhani ndiko kunakotolewa pasipoti. Waarabu wenyewe, walipotakiwa kulifasiri gender, hawakuafikiana: wako wasemao an-naw' al-ijtima'i, wako wasemao naw' al-jins, na wako waliochoka wakaandika jandar. Ikiwa wenye lugha wametatizika, sisi tuliokopa kwao tusishangae tukitatizika zaidi.

Na Kiswahili kimeongeza tatizo lake. "Jinsi" kwetu ni namna ya kufanya jambo, kama tunaposema jinsi ya kutawadha, na papo hapo ni hali ya kuwa mume au mke. Kisha ngeli zetu hazitengi mume na mke. "Amekuja" ni yeye yeyote. Ni neema katika mambo mengi, lakini katika baadhi ya mambo ni mtego, kama tutakavyoona katika mirathi.

Safari ya neno gender

Kwa muda mrefu gender lilikuwa zaidi neno la watu wa sarufi, kama mudhakkar na muannath katika nahau yetu. Mwanafunzi wa nahau anajua kuwa shams ni muannath na qamar ni mudhakkar, wala jua halizai. Anajua kuwa Talha ni jina la mwanamume ingawa lina alama ya muannath. Ndiyo maana wanahau wakatenga muannath wa hakika na wa majazi. Alama ya lugha ni kitu kimoja, na umbile la mwili ni kitu kingine.

Mwaka 1955 John Money, mtaalamu wa nafsi aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Baltimore, Marekani, alilitoa neno hilo katika sarufi akaliingiza katika elimu ya watu. Alitaka kupata neno la kueleza jinsi mtu anavyojiweka na kuonekana, kuwa mvulana au msichana, mbali na viungo vyake. Na wale aliokuwa akiwachunguza ni watu waliozaliwa na maumbile yasiyo wazi. Yaani neno hili linalotugombanisha leo lilizaliwa katika mlango ambao sisi tunauita mlango wa huntha. Mwaka 1968 Robert Stoller, daktari wa nafsi, alitoa kitabu kilichotenga sex na gender, na mwaka 1972 Ann Oakley wa Uingereza akaipeleka tofauti hiyo katika elimu ya jamii: sex ni maumbile, gender ni yale ambayo jamii huyapanga juu ya maumbile hayo.

Money huyo huyo alikwenda mbali zaidi. Alimshauri mzazi wa mtoto wa kiume wa Canada, aliyeharibika kiungo katika ajali ya kutahiriwa, amlee kama msichana, kisha akaandika kwamba malezi yameshinda umbile. Mtoto huyo, David Reimer, hakuwa huntha. Alizaliwa mwanamume bila shaka yoyote. Alipokaribia miaka kumi na tano alikataa maisha hayo akarejea katika uanaume wake. Ukweli ulitangazwa katika jarida la madaktari mwaka 1997, naye alijiua mwaka 2004. Tunakitaja kisa hiki kwa huzuni, wala si kwa kushangilia, kwa kuwa kinaonesha nini hutokea mtu anapodhani kwamba kila kilicho ndani ya mwanadamu ni nguo iliyoshonwa na jamii.

Neno lilifika kwetu kwa nguvu baada ya Mkutano wa Beijing wa mwaka 1995, ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania, Bi. Gertrude Mongella. Hata huko wajumbe waligombana juu ya maana yake, mpaka ikatolewa taarifa iliyoambatanishwa na ripoti ya mkutano, kwamba gender lichukuliwe kwa maana yake ya kawaida iliyozoeleka. Hawakusema maana hiyo ya kawaida ni ipi. Miaka mitatu baadaye Mkataba wa Roma wa 1998, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ukasema katika kifungu cha 7 kwamba neno hilo linakusudia jinsi mbili, ya kiume na ya kike, katika muktadha wa jamii. Hapo umbile na jamii vimetiwa katika sentensi moja. Na katika miaka ya karibuni imeenea maana ya tatu: hisia ya mtu juu ya nafsi yake, awe na umbile lolote.

Maana zote hizo tatu, jamii, mwili na hisia, Kiswahili kimezipakia juu ya punda mmoja, naye ni "jinsia".

Neno katika ulimi wa kila siku

Katika mafunzo yanayotolewa Tanzania tangu miaka ya 1990, jinsi hufasiriwa kuwa ni maumbile na jinsia kuwa ni majukumu yanayopangwa na jamii. Ni tofauti nzuri katika daftari. Lakini tazama nje ya daftari. Fomu inaandika "Jinsia: Me/Ke", nayo haiulizi jamii imekupangia nini, inauliza umbile. Magazeti yanaandika "ndoa ya jinsia moja", nayo yanakusudia umbile. Kisha wenye semina wanasema "ukatili wa kijinsia" wakikusudia kila dhuluma anayofanyiwa mtu kwa sababu ni mwanamke au mwanamume, na msikilizaji wa kawaida anaelewa kubaka na kuingiliana kimwili tu.

Hilo la mwisho si jambo dogo. Imamu huombwa azungumzie ukatili wa kijinsia katika khutba. Hupanda, huonya juu ya zinaa na kubaka, huteremka, naye amedhani ametimiza. Kumbe katika safu za nyuma amekaa mtu aliyemfukuza mke wa marehemu nduguye kabla ya eda kwisha, na amekaa mwingine aliyekula fungu la dada zake. Wote wawili wametoka msikitini wakijihisi wasafi. Mtume (S.A.W.) alimwamuru Furay'a binti Malik, alipofiwa na mumewe, akae katika nyumba yake mpaka eda itimie. Na Mwenyezi Mungu amekataza katika Suratun-Nisaa, aya ya 19, wanawake kurithiwa kwa nguvu kana kwamba ni mali. Lau khatibu angeyataja mambo kwa majina yake, kumfukuza mjane, kumrithi mjane, kumnyima binti, hapana ambaye angejificha nyuma ya neno asilolielewa.

Maneno ya Qur'ani

Tukirejea katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu, tunaona kina maneno ya umbile na kina maneno ya watu. Dhakar na untha ni umbile: mtoto wa siku moja ni dhakar au ni untha. Rajul na mar'a, kwa asili ya lugha, ni mwanamume na mwanamke waliokwisha kukua, wenye kubeba majukumu. Aya ya 11 ya Suratun-Nisaa, inayogawa mirathi ya watoto, imetumia dhakar na untha. Wafasiri wameeleza kwamba katika Ujahilia mali ilikuwa ya wanaume wenye kubeba silaha, wala hapewi mtoto mdogo wala mwanamke. Neno la umbile likamwingiza mtoto mchanga katika haki, awe wa kiume au wa kike. Ama aya ya 34 ya sura hiyo hiyo, inayozungumzia usimamizi wa nyumba na matumizi, imetumia rijal na nisaa. Na aya za malipo ya Akhera, kama Aali Imran 195, an-Nisaa 124 na an-Nahl 97, zimerejea katika dhakar na untha, kuonesha kwamba amali njema ya yeyote kati yao haipotei.

Hatusemi kuwa hii ni kanuni isiyobadilika popote. Aya ya 176 ya an-Nisaa imetaja ndugu, rijal na nisaa, kisha ikagawa kwa dhakar na untha. Lakini msomaji makini ataona kwamba lugha ya Wahyi ina nafasi ya kutenga, na mara nyingi katika tafsiri na darsa zetu yote tunayafasiri kwa "mwanamume" na "mwanamke", na nafasi hiyo inazibika.

Mtego wa ngeli zetu unaonekana katika masuala ya mirathi yanayoletwa kwa masheikh: "Marehemu ameacha watoto watatu na ndugu wawili, nani anapata nini?" Swali hilo kwa Kiswahili limekamilika, na kwa faraidhi halijaanza. Watoto ni wa kiume au wa kike? Akiwemo wa kiume, ndugu wote wamezuiliwa. Wakiwa wa kike watupu, itazamwe hao ndugu ni wa baba na mama, wa baba, au wa mama. Na hapa pana funzo kwa wanaodhani kwamba Sharia humpa mwanamume mara mbili kila mahali kwa kuwa ni bora: ndugu wa mama, kwa aya ya 12 ya sura hiyo hiyo, wakiwa zaidi ya mmoja hushirikiana katika thuluthi sawa kwa sawa, wa kiume na wa kike. Na marehemu akiacha mwana wa kiume na wazazi wake wawili, baba hupata sudusi na mama sudusi. Mafungu yanafuata nafasi ya mtu katika nasaba na majukumu, wala hayapimi thamani ya mtu mbele ya Mola wake.

Huntha si hanithi

Ulimi wetu una kosa jingine linaloumiza zaidi. Watu huchanganya huntha na hanithi, kwa kuwa yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu. Huntha ni aliyezaliwa na viungo vya namna mbili, au asiyekuwa na alama wazi. Hanithi kwa Kiswahili ni tusi kwa mwanamume asiyeweza tendo la ndoa, au kwa anayefanya machafu. Mtoto asiye na dhambi huitwa kwa jina la tusi, na mama yake humficha, hata kumpeleka madrasa huona haya. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu watu wa namna hii 1,524. Hao ni binadamu mukallaf, wanaosali na kufunga, na wana haki ya kupata fatwa kama wengine.

Mafaqihi hawakuwafanyia haya. Imamu an-Nawawi katika al-Majmu' ameingiza sehemu ndefu juu ya huntha katika mlango wa yanayotengua udhu. Jamaluddin al-Isnawi, aliyefariki mwaka 772 H., aliandika kitabu kizima juu ya hukumu za huntha mushkil. As-Suyuti katika al-Ashbah wan-Nadhair ameziweka hukumu zake zikae pamoja na hukumu ambazo mwanamke hutofautiana na mwanamume. Walitazama alama za mwili: mkojo unatokea wapi, kisha zikifika siku za baleghe, manii na hedhi. Katika madhehebu ya Shafi, alama za mwili zikikosekana, huulizwa yeye mwenyewe baada ya kubaleghe umbile lake linaelekea wapi, na kauli yake hukubaliwa. Lakini angalia masharti: ni pale tu mwili uliponyamaza, si kwa matamanio, na akishasema harudi nyuma ila mwili wenyewe umkadhibishe. Kabla ya hapo hushika tahadhari: hujisitiri kama mwanamke, husimama nyuma ya wanaume na mbele ya wanawake, wala hamwongozi mwanamume katika sala.

Katika mali tahadhari hiyo ni wazi zaidi. Tuchukue mfano wa mtu aliyeacha shilingi milioni 12, mwana mmoja wa kiume na mtoto mmoja huntha, wala hana mrithi mwingine. Huntha akihesabiwa wa kiume, kila mmoja ana milioni 6. Akihesabiwa wa kike, yeye ana 4 na nduguye ana 8. Kwa Shafi, kila mmoja hupewa lile fungu dogo lililo yakini: huntha milioni 4, nduguye milioni 6, na milioni 2 husimamishwa mpaka hali ibainike au wasuluhiane. Kwa Abu Hanifa huntha hupewa dogo, milioni 4, na nduguye 8. Kwa Malik hupewa nusu ya mafungu mawili, yaani milioni 5, na nduguye 7. Maimamu wamekhitalifiana katika hesabu, wala hakuna aliyesema huyu hana umbile basi hana fungu.

Leo tabibu ana vipimo vya damu, vya homoni na vya picha ambavyo wazee wetu hawakuwa navyo, na kauli ya tabibu mwaminifu ni bayana. Baraza la Fiqhi la Rabita huko Makka, katika kikao chake cha kumi na moja mwaka 1409 H. (1989), liliamua kwamba mwanamume aliyetimia viungo vya uanaume, na mwanamke aliyetimia viungo vya uanamke, si halali kugeuzwa. Na ambaye alama zake zimechanganyika, hutazamwa zilizo nyingi, na inajuzu kumtibu kwa upasuaji au homoni ili utata uondoke. Basi anayewatia wawili hao katika kapu moja, awe ni mtetezi au ni mpinzani, amewachanganya watu ambao Sharia imewatenga.

Mlango wa ada

Sanduku la tatu ndilo linalosahauliwa sana na watu wetu wa mimbari. Mtume (S.A.W.), kama alivyopokea al-Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas, amewalaani wanaume wanaojifananisha na wanawake na wanawake wanaojifananisha na wanaume. Hadithi ni sahihi na hukumu yake ni thabiti. Lakini ni kitu gani kinachohesabiwa kuwa ni cha mwanamke? Ibn Hajar katika Fat-hul-Bari ameeleza kwamba namna ya mavazi hukhitalifiana kwa ada ya kila mji. Mwanamume wa Lamu au wa Unguja hujifunga kikoi kiunoni akaenda sokoni, na hakuna anayemwona amejifananisha na mtu. Kuna miji ambamo shuka ya namna hiyo huvaliwa na wanawake tu. Katazo ni moja huku na huko, na kinachoangukiwa nalo hufuata ada. An-Nawawi naye amemtenga ambaye laini ya sauti na mwendo ni maumbile yake, huyo hana lawama, na ambaye hujikalifisha kwa kusudi, huyo ndiye aliyelaaniwa.

Na kazi je? Wangapi wanasema kupika na kufua ni wajibu wa mke kwa Sharia, na mwanamume akishika ufagio ameuvunja uanaume wake? Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake. Asmaa binti Abu Bakr (R.A.) alikuwa akimlisha farasi wa Zubayr na kubeba kokwa za tende kichwani kutoka shamba la mbali. An-Nawawi, akiisherehesha hadithi hiyo, amesema hayo ni katika wema ambao watu wamezoeana nao, wala si wajibu wa mke. Na hayo ndiyo madhehebu yetu ya Kishafi. Ibn al-Qayyim ameona ni wajibu kwa mujibu wa ada. Tazama vizuri: hata aliyeiwajibisha ameirudisha kwenye ada. Na al-Qarafi, imamu wa Kimalik, ameonya kwamba hukumu zilizojengwa juu ya ada hubadilika ada ikibadilika, na kuwafungia watu ada ya zama nyingine ni upotofu katika dini.

Makosa mawili

Sasa tunaweza kuyaona makosa yote mawili. Mwenye semina anasema: kisichokuwa cha mwili kimepangwa na jamii, na kilichopangwa na jamii jamii inaweza kukipangua. Akishasema hivyo, fungu la mirathi, mahari, nafaka na eda vyote vimeingia katika "jinsia" pamoja na ufagio na kikoi. Hana sanduku la Wahyi, kwa hiyo kila kisichokuwa damu na mfupa hukiona ada. Tunamwambia: hukumu hizi zimejengwa juu ya umbile, lakini hazikutoka kwenye umbile wala kwenye jamii. Zimetoka kwa Aliyeliumba umbile, na jamii ya Ujahilia ilizipinga kwa sababu hasa hazikuwa zake.

Na mwenye mimbari anasema: jinsia ni fitina kutoka nje, na kila tunachokifanya sisi ni dini. Akishasema hivyo, kumwozesha binti bila kumuuliza, kumtoa skuli, kumnyima shamba kwa hoja kwamba ataolewa mbali, vyote vimevaa kanzu ya Sharia. Hana sanduku la ada, kwa hiyo kila alichokikuta kwa babu yake hukiona Wahyi. Huyu tunamwogopea zaidi, kwa kuwa wa kwanza anasema kwa jina la watu, na huyu anasema kwa jina la Mwenyezi Mungu. Kumnyima binti fungu lake la Qur'ani kwa ajili ya mila, na kulibadilisha fungu hilo kwa ajili ya semina, ni kosa la namna moja: ada imewekwa juu ya Aya.

Ushauri wetu

Kwa maimamu na wanafunzi tunashauri mambo mepesi. Ukikusudia mwili, sema "umbile la kiume" au "la kike", au "jinsi" ikiwa wasikilizaji wameshaizoea. Ukikusudia mazoea ya watu, sema "ada" au "mila", maneno ambayo bibi kizee wa kijijini anayaelewa na faqihi anayo kanuni yake, kwamba ada ni hakimu panapokosekana Nassi. Ukikusudia yaliyofaradhishwa, sema "hukumu", na utaje dalili yake. Ukisikia "jinsia" kwa mwingine, muulize kwanza anakusudia lipi katika hayo, kabla hujamuunga mkono au kumpinga. Ukiandika fatwa ya mirathi, dai mwulizaji ataje kila mrithi, wa kiume au wa kike, na nasaba yake. Na ukiletewa mtoto ambaye umbile lake limetatiza, usimwite kwa tusi la mtaani; mwite kwa jina lake, mpeleke kwa tabibu, na fungua vitabu ambavyo wazee wetu walichoka kwa ajili yake.

Neno litaendelea kutumika, wala hatuna uwezo wa kulifuta katika ndimi za watu. Tulicho nacho ni amana ya kulieleza, ili mjane abaki nyumbani kwake mpaka eda yake iishe, binti apate fungu lake kamili, na aliyeumbwa na Mola wake kwa namna asiyoichagua apate safu ya kusimama msikitini.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atuoneshe haki kuwa ni haki na aturuzuku kuifuata, na atuoneshe batili kuwa ni batili na aturuzuku kuiepuka. Wallahu a'lam, wabillahi tawfiq.